Boga Ndani ya Jibini

Desemba 2015, katika maduka makubwa ya Marekani, boksi la bluu ambalo karibu kila mtoto wa nchi ile analitambua kwa mbali lilibadilishwa kimyakimya. Ndani yake makaroni yalikuwa yale yale, na jibini ya unga ilikuwa na ladha ile ile. Kilichoondolewa ni rangi za viwandani, zile zinazoandikwa kwa namba kwenye vifungashio: njano namba 5 na njano namba 6. Badala yake kampuni ya Kraft iliweka paprika, manjano na anato. Ilikuwa imetangaza nia hiyo tangu Aprili ya mwaka huo, lakini bidhaa yenyewe ilipoingia madukani haikupigiwa tarumbeta. Miezi mitatu ikapita. Machi 2016 ndipo kampuni ilipojitokeza na kusema kwamba maboksi zaidi ya milioni 50 yalikuwa yameshanunuliwa, na kwamba walaji walio wengi hawakugundua chochote.

Yaani mamilioni ya watu, wakiwemo watoto wanaojulikana kwa kukataa chakula kwa sababu ya rangi peke yake, walikula manjano na mbegu za mti bila kunung'unika.

Mbegu hizo za anato hazina ugeni Pwani ya Afrika Mashariki. Ni zile nyekundu zinazotoka kwenye mti ambao Wazanzibari wanauita mzingefuri, ambao matunda yake yana miiba laini kama nywele. Mgeni akitembezwa kwenye mashamba ya viungo Unguja, mwenyeji wake hupasua tunda moja, akasugua mbegu kwa kidole na kumpaka rangi midomoni. Kule Kwale, nchini Kenya, wakulima huita zao hilo bixa, na huliuza kwa ajili ya kutengeneza rangi ya chakula. Asili ya mti ni Amerika ya kitropiki, lakini umeshakuwa mwenyeji.

Rangi ya jibini ina hadithi ndefu kuliko boksi hilo. Ng'ombe akila majani mabichi hupata beta-karotini, ile ile inayoipa karoti rangi yake, na sehemu yake huishia kwenye mafuta ya maziwa. Ndiyo maana jibini ya majira ya malisho mazuri huwa na unjano, na ile ya majira ya baridi, ng'ombe wakila majani makavu, huwa nyeupe. Wanunuzi wa Uingereza walizoea kuona unjano kuwa dalili ya jibini yenye mafuta mengi. Basi wapo watengenezaji waliokuwa wakiengua malai ili watengeneze siagi, kisha wakaitia jibini iliyobaki rangi ili ionekane nono: zafarani, maua ya rangi ya njano, na maji ya karoti. Anato ilikuja baadaye na kuzishinda zote.

Kwa hiyo karoti ilijificha ndani ya jibini karne kadhaa kabla ya mzazi yeyote kuwasha blenda. Tofauti ni nia. Wale walitia karoti kidogo ili kuficha upungufu wa mafuta, ilhali mzazi wa leo huitia kwa wingi ili kuziba upungufu wa mboga.

Makaroni ya jibini yenyewe si chakula cha jana. Mwaka 1769 Mwingereza Elizabeth Raffald alichapisha kitabu cha mapishi chenye makaroni ndani ya sosi ya malai, yamefunikwa kwa jibini ya parmesan. Marekani chakula hiki kinafungamana na jina la James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson. Mwaka 1784 Jefferson alimchukua kijana huyo kwenda naye Paris, akamweka kwa wapishi wa Kifaransa ajifunze kazi. Hemings akarudi Virginia akiwa mpishi bingwa, na uhuru wake aliupata mwaka 1796, baada ya kumfundisha ndugu yake Peter upishi ili ashike nafasi yake. Alifariki mwaka 1801. Mwaka uliofuata, mgeni mmoja katika nyumba ya Jefferson, ambaye sasa alikuwa rais, aliandika kwenye shajara yake kwamba alikaribishwa makaroni yaliyookwa. Wanahistoria wa mapishi humhesabu Hemings miongoni mwa watu waliokiingiza chakula hiki katika meza za Marekani, na ni haki yake kutajwa kila kinapozungumzwa.

Kutoka meza ya rais hadi sahani ya mfanyakazi ilikuwa safari ya miaka 135. Mwaka 1937, uchumi ukiwa umeanguka na familia zikihesabu kila senti, Kraft ilitoa boksi lililouzwa senti 19 na kulisha watu wanne. Mwaka wa kwanza yaliuzwa maboksi milioni 8. Tangu hapo chakula hiki kikawa kimbilio la mzazi aliyechoka: ni chepesi kupika, ni laini kutafuna, na mtoto hakikatai.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Mtoto wa kati ya miaka 2 na 6 yumo katika umri wa kuogopa vyakula asivyovijua, na hofu hiyo huwa kali zaidi kwa mboga, hasa zenye uchungu. Sahani ya makaroni na jibini ina wanga, mafuta, protini na kalsiamu, lakini nyuzinyuzi ni chache na mboga haimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, na wa miaka 6 hadi 9 angalau gramu 350. Mzazi ambaye mwanawe hula makaroni peke yake siku tatu mfululizo anaijua hesabu hiyo inavyokataa.

Mwaka 2007 vitabu viwili vilitoka Marekani vikiwa na jibu moja. Aprili Missy Chase Lapine alitoa The Sneaky Chef, na Oktoba Jessica Seinfeld, mke wa mchekeshaji Jerry Seinfeld, akatoa Deceptively Delicious. Vyote viwili vilifundisha kupika mboga, kuzisaga hadi ziwe rojo, kuzigandisha kwenye jokofu kwa mafungu madogo, kisha kuziingiza katika vyakula ambavyo watoto wanavipenda. Lapine alikuwa hata na marojo ya rangi: jeupe la koliflawa na mumunye, la chungwa la karoti na viazi vitamu. Vitabu viliuzwa sana, na Januari 2008 Lapine akaenda mahakamani akidai wazo lake limeibwa. Mahakama ya New York ilitupilia mbali dai la hakimiliki mwaka 2009, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2010. Kuficha mboga ndani ya chakula cha mtoto ni wazo, na wazo halina mwenyewe. Hukumu hiyo ilikuwa sahihi. Hakuna anayeweza kumiliki ujanja ambao mama na bibi duniani kote wamekuwa wakiutumia bila kuuandika.

Je, ujanja huo unafanya kazi? Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kina maabara ya ulaji inayoongozwa na Barbara Rolls, na mwaka 2011 matokeo ya majaribio mawili ya maabara hiyo yalichapishwa. Katika la kwanza, watoto 40 wa miaka 3 hadi 5 walipewa vyakula vya kawaida, ikiwemo pasta ya sosi ya nyanya, siku nyingine vikiwa vimeongezwa rojo la mboga. Siku za rojo jingi, kila mtoto alikula kwa wastani gramu 73 zaidi za mboga, na nguvu aliyopata katika chakula ilipungua kwa takriban asilimia 12. Hawakula sahani kubwa zaidi ili kufidia. Waliridhika na kiasi kile kile. Jaribio la pili lilikuwa la watu wazima 41, na chakula chao cha mchana kilikuwa hasa makaroni ya jibini yaliyotiwa rojo la koliflawa na mumunye. Siku ya rojo jingi mboga zao zilipanda kutoka gramu 270 hadi 487, na wakapunguza kilokalori 357 kwa siku. Walipoulizwa kuhusu ladha, walivipa vyakula vyote alama zinazokaribiana.

Katika majaribio yote mawili kulikuwa pia na mboga za kuonekana, kando ya sahani. Walaji hawakuzipunguza eti kwa kuwa nyingine zilikuwa tayari zimo tumboni. Jambo hilo litarudi mbele.

Sasa jikoni. Kwa watu wanne, makaroni gramu 250 yanatosha. Boga lililomenywa, gramu 300. Siagi vijiko viwili vya mezani, unga wa ngano vijiko viwili, maziwa mililita 350, na jibini ya cheddar gramu 150 hadi 200. Kwa wakazi wa Afrika Mashariki jibini ndiyo gharama kubwa katika orodha hii, hata sasa ambapo inatengenezwa huku huku, Limuru kwa upande wa Kenya na Njombe kwa upande wa Tanzania. Boga linasaidia hata hapo, maana uzito wake hufanya sosi ionekane ina jibini nyingi kuliko iliyomo.

Kosa linaloharibu chakula hiki kuliko jingine lolote ni maji. Boga likichemshwa tele hunyonya maji, na rojo lake huigeuza sosi kuwa supu ya njano. Afadhali lipikwe kwa mvuke, au liokwe hadi kingo zianze kupata wekundu. Asiye na oveni achemshe kwa maji kidogo, ayamwage, kisha alirudishe boga kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo kwa dakika tatu, akitikisa, hadi mvuke upungue. Boga lililo tayari husagika kwa mgongo wa kijiko bila kuacha tone la maji.

Kisha blenda, pamoja na maziwa kidogo. Boga la moto halifungiwi kwa nguvu humo, kwa sababu mvuke husukuma kifuniko na kumrukia mpishi. Liachiwe upenyo na kufunikwa kwa kitambaa. Rojo lisagwe hadi ling'ae, halafu lipitishwe kwenye chujio. Watu wengi huiruka hatua ya chujio, nayo ndiyo inayotenganisha ficho lililofaulu na lililofichuka. Mtoto huikamata mboga kwa ulimi kabla ya kuikamata kwa macho, na uzi mmoja tu wa boga unatosha kuifunga meza.

Siagi iyeyuke, unga uingie, ukorogwe dakika mbili hadi harufu ya ubichi iishe. Maziwa yamiminwe kidogo kidogo, mwiko ukiendelea kuzunguka, ili madonge yasifanyike. Chembe za wanga zikipata joto huvimba na kunywa maji, na sosi huwa nzito kiasi cha kushika mgongo wa mwiko. Wanga huo una kazi nyingine muhimu kuliko uzito: hukaa katikati ya matone ya mafuta na kuyazuia yasikutane.

Rojo la boga huingia hapo, kabla ya jibini. Baada ya kuchemka mara moja, moto uzimwe.

Uzimwe kabisa. Jibini ni utando wa protini ulionasa mafuta na maji, na ikipata joto kali utando huo hujikaza na kukamua vyote viwili nje. Matokeo yake sosi hukatika: huku nyuzi zinazovutika kama mpira, huku dimbwi la mafuta. Walter Gerber na Fritz Stettler wa Uswisi walilikabili tatizo hilo mwaka 1911 walipoyeyusha jibini pamoja na chumvi za asidi ya sitriki, ambazo huishika kalsiamu iliyomo katika protini na kuilegeza. Hapo ndipo jibini ya viwandani ilipozaliwa. Nyumbani chumvi hizo hazihitajiki. Wanga, boga na joto la sufuria iliyoondolewa motoni vinatosha. Jibini ikwaruzwe hapo hapo, itiwe konzi moja moja, na kila konzi iyeyuke kabla ya inayofuata. Ile inayouzwa ikiwa imeshakwaruzwa hupakwa unga ili isigandane, na unga huo huiachia sosi chengachenga.

Boga na karoti ni tamu, na utamu huo ndio unaoweza kufichua siri. Nusu kijiko cha chai cha haradali huuzima, na kungumanga kidogo, kiasi cha ncha ya kisu, huifanya harufu ya maziwa itawale. Chumvi ionjwe mwishoni, kwa kuwa jibini huja na yake.

Makaroni yenyewe yatolewe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, na kikombe kimoja cha maji yake kihifadhiwe. Yatamalizikia kuiva ndani ya sosi, na yakiwa mazito mno kijiko cha maji yale huyalegeza. Kwa watu wa Pwani, ambao tambi wamezijua kwanza zikiwa za sukari, kwa nazi na iliki, kwenye futari ya Ramadhani, chakula hiki cha chumvi huenda kikahitaji kuzoewa. Lakini mkono uliozoea kukoroga tui lisikatike hautapata taabu na sosi ya jibini. Kazi ni ile ile: moto mdogo, na jicho lisiondoke.

Kuhusu rangi, kanuni ni moja. Boga, karoti na viazi lishe hujificha chini ya cheddar ya njano. Koliflawa hujificha chini ya jibini nyeupe. Mchicha na spinachi hazina maficho hapa. Asiyetaka sosi ya kijani aziache kwa ajili ya siku nyingine. Na kwa mara ya kwanza vijiko vitatu vya rojo vinatosha, viongezwe kila wiki hadi kufikia kipimo kamili.

Kilishe, ndoa hii ina faida isiyoonekana. Beta-karotini huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mwili huipokea vizuri zaidi inapoliwa pamoja nayo, na kupikwa pamoja na kusagwa huzipasua kuta za chembe zilizoifungia. Boga lililosagwa ndani ya jibini humpa mtoto karotini kwa urahisi kuliko karoti mbichi aliyoitafuna nusu nusu. Vitamini C, kwa upande wake, hupungua kwa moto, kwa hiyo chungwa baada ya chakula bado lina kazi yake.

Hata hivyo ulimi haujifunzi kitu ambacho hauonjeshwi. Mtoto aliyekula boga mara hamsini ndani ya sosi amejifunza kupenda jibini. Siku atakapowekewa kipande cha boga atakiona kigeni kama siku ya kwanza. Mwaka 2003 Jane Wardle na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha jaribio lililohusisha wazazi 156 wenye watoto wa miaka 2 hadi 6. Kundi moja liliambiwa limwonjeshe mtoto mboga moja iliyoteuliwa, kila siku kwa siku 14. Kundi la pili lilipewa ushauri wa maandishi, na la tatu halikupewa chochote. Ni kundi la kuonja pekee ambalo watoto wake waliipenda mboga ile zaidi, wakaipandisha daraja mbele ya mboga nyingine, na wakala kiasi kikubwa zaidi cha ile mboga. Kuonja wiki mbili kulishinda ushauri.

Afrika nayo ina ushahidi wake juu ya mboga isiyojificha. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vilienezwa Uganda na Msumbiji kwa kuitangaza rangi badala ya kuisitiri. Magari ya kampeni kule Msumbiji yalipakwa chungwa ili kila mtu aijue. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne kwa kazi ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao: Mganda Robert Mwanga, Maria Andrade wa Cape Verde, na Wamarekani Jan Low na Howarth Bouis. Watatu wa kwanza walitambuliwa kwa kiazi hicho. Watoto walikila wakijua wanakula nini.

Njia hizi mbili hazigombani, na majaribio ya Pennsylvania yameonyesha hivyo: mboga ya ndani haikuifukuza ya nje. Rojo linaulisha mwili leo, kipande kinaufundisha ulimi polepole, na mzazi anahitaji vyote viwili katika sahani moja. Kisichofaa ni kumdanganya mtoto anayeuliza. Akiambiwa hakuna boga, kisha akaliona siku moja kwenye blenda, atakayepoteza ni mzazi, na makaroni yenyewe yataingia kwenye orodha ya vilivyokataliwa. Mgeni naye ana haki yake. Wapo wanaonenepesha sosi hii kwa korosho au maharage yaliyosagwa, na mtoto wa jirani anaweza kuwa na mzio ambao mwenyeji haujui; mzazi wake aambiwe kila kilichomo kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Basi ukipika makaroni haya, usisage boga lote. Bakiza vipande vitatu vidogo, uviweke kando ya sahani ya mtoto, usimsemeshe juu yake na usimhesabie. Fanya hivyo kwa siku 14. Akiuliza sosi imepata wapi rangi yake, mwite jikoni umwonyeshe ganda.